Kitanda hakipiti mlangoni? Jifunze kwa wenye boti
Mzazi, umehamia nyumba mpya Kwamndolwa, kitanda kimegoma mlangoni na watoto wanakusaidia kusukuma. Simama kwanza.

Uingereza, kwenye mfereji wa Calder and Hebble, boti hupandishwa na kushushwa ndani ya vyumba vya maji vyenye urefu wa mita 17.5 na upana wa mita 4 hivi. Boti nyembamba ya mita 18 hupitaje? Hulazwa mshazari, kona kwa kona. Hatari ipo wakati wa kushuka: mkia ukikalia ukingo wa lango la juu, boti huinama na inaweza kuzama. Ndiyo maana mmoja hubaki akitazama tu, tayari kusimamisha maji.

Nyumbani fanya vivyo hivyo. Toa chaga, kiinamishe kitanda, kipitishe mshazari. Mmoja asibebe, aongoze. Pinda magoti, si mgongo. Watoto wakae mbali. Vidole hubanwa kufumba na kufumbua.

Kikikataa kabisa, kifungue. Hata meli ya Liemba ilifika Kigoma vipande vipande, ndani ya masanduku.