Bila Obusuma, Bado Hujala!

Mgeni akifika katika boma la Waluhya huko Kakamega, aweza kukaribishwa kwa chai, viazi vitamu na hata sahani ya wali. Atashiba, lakini asidhani amekula. Chakula ni obusuma, yaani ugali. Hata jina la mji, wasimulia wengine, limetokana na neno la Kiluhya lenye maana ya kumega, kama mtu amegavyo tonge.

Fikira hiyo si ya Waluhya peke yao. Nchini Vietnam, mtu akisema anakwenda "kula wali" huwa anamaanisha kula chakula, hata mboga ikiwa ni samaki. Kila jamii ina kitu ambacho kisipoandaliwa, watu huhesabu wamelala njaa.

Obusuma una heshima yake. Maji yakichemka, unga humiminwa na kusongwa kwa mwiko hadi uive na kushikana. Huliwa kwa mrenda, kunde au tsisaka, na mgeni wa heshima huchinjiwa ingokho, yaani kuku.

Lakini je, wajua kwamba ugali mweupe si wa mababu? Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na yalienea sana mashambani mwetu katika karne ya 20. Kabla ya hapo, akina nyanya walisaga wimbi na mtama kwa mawe. Mbegu chotara za mahindi kutoka Kitale zilipotolewa mwaka 1964, nafaka hizo za kale zilizidi kusukumwa pembeni.

Kisha ikaja miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kazi mwaka 1973, na wakulima wengi wakaitoa ardhi yao. Pesa zikija, unga ulinunuliwa dukani. Zikichelewa, sufuria ilingoja. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliwekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Funzo ni wazi: asiye na kipande cha shamba la chakula hula kwa hisani ya duka.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa mtama, wimbi na jamii zake, nafaka zinazostahimili ukame. Wimbi una madini mengi ya kujenga mifupa ya watoto.

Basi, mama na baba wa mjini, Jumapili hii changanyeni unga wa wimbi katika ugali wenu. Watoto wakiuliza mbona una rangi ya udongo, waketisheni muwasimulie habari za nyanya zao.