Sinthesaiza za zamani: Si kila jina kubwa lina bei kubwa

WAFANYABIASHARA wa vyombo vya muziki vilivyotumika wanaijua vizuri habari ya Roland TB-303. Mashine hiyo ndogo ya kutoa sauti za besi iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nchini Marekani ilitangazwa kwa dola 395. Ilikusudiwa mpiga gitaa asiye na mwenzake wa kumpigia besi. Wapiga gitaa hawakuitaka. Kampuni ilisimamisha uzalishaji mwaka 1984, baada ya kutengeneza mashine zipatazo 10,000, na nyingi ziliishia katika maduka ya mitumba kwa bei ya kutupa.

Huko ndiko vijana wa Chicago walikozikuta. Kundi la Phuture lilichezea swichi zake za kuzungusha hadi sauti ikalia kama inayokunjwa, na mwaka 1987 likatoa santuri ya "Acid Tracks". Mtindo mzima wa dansi ulizaliwa hapo. Leo TB-303 halisi iliyo nzima huuzwa zaidi ya dola 2,000.

Anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba sinthesaiza yoyote ya zamani yenye jina ni mali. Soko halisemi hivyo. Yamaha DX7 ilitoka mwaka 1983, ikauzwa Marekani kwa dola 1,995, na sauti zake zilisikika katika nyimbo nyingi za miaka ile kuliko za chombo kingine chochote cha aina yake. Hata hivyo, DX7 iliyotumika kwa kawaida hupatikana kwa dola mia chache tu.

Sababu ni mbili. Kwanza, zilitengenezwa zaidi ya 150,000, kwa hiyo anayeikosa leo ataipata kesho. Pili, ni chombo cha dijitali. Sauti yake ni hesabu, iliyotokana na utafiti wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, na hesabu hunakiliwa bila kupungua. Programu ya kompyuta iitwayo Dexed hufanya kazi ya DX7 na hutolewa bure. Mashine za analogi, kama TB-303, hutoa sauti kwa umeme unaopita katika saketi, na mashine mbili za aina moja huweza kutofautiana kidogo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mkusanyaji anayoilipia.

Lakini hata analogi inanakiliwa siku hizi. Hataza ya chujio la sauti la Robert Moog ilitolewa mwaka 1969 na muda wake umekwisha zamani. Kampuni ya Behringer imekuwa ikiuza nakala ya Minimoog kwa takriban dola 300. Moog wenyewe waliirudisha Minimoog mwaka 2016, na tena mwaka 2022 kwa dola 4,999. Maana yake kwa mwekezaji mdogo ni nzito: mwanamuziki anayetaka sauti tu hana tena haja ya chombo cha asili, na bei ya kile cha asili imebaki mikononi mwa wakusanyaji. Hao ni wachache, na wakichoka hakuna wa kuwauzia.

Gharama nyingine ni vipuri, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Roland TR-808, mashine ya ngoma iliyotoka mwaka 1980, ilitumia transista zenye kasoro zilizochaguliwa maalumu. Zilipokosekana, uzalishaji nao ukakoma mwaka 1983. Juno-106 ya mwaka 1984 ina chipu sita, moja kwa kila sauti, na chipu hizo zinajulikana kwa kufa. Mnunuzi abonyeze noti sita mfululizo, kisha arudie, na asikilize kama kuna moja iliyo bubu au inayokwaruza. Wauzaji hupenda kujisifu kwamba mashine "haijawahi kufunguliwa". Mashine ya miaka 40 ambayo haijafunguliwa ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa kuwa kapasita zake huenda zimekauka.

Kwa studio inayoishi kwa malipo ya wimbo, hesabu ni tofauti kabisa na ya mkusanyaji. Singeli ya Dar es Salaam imejengwa zaidi kwa kompyuta na programu, na imefika majukwaa ya Ulaya hivyo hivyo. Busara ni kuanza na kompyuta na spika nzuri, kisha kuongeza sinthesaiza moja mpya ya bei nafuu yenye swichi nyingi za mkono, kwa kuwa kuunda sauti hujifunzwa kwa kuzungusha na kusikiliza.

Anayeagiza kutoka Japani aangalie kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Umeme wa huko ni volti 100. Wa Afrika Mashariki ni 230 hadi 240. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani kikichomekwa moja kwa moja kinaweza kuungua papo hapo, kwa hiyo bei ya transfoma ya kushusha umeme iingizwe katika hesabu tangu mwanzo. Vilevile, vyombo vya kabla ya 1983 havikutoka kiwandani na MIDI, mfumo unaoviwezesha vyombo na kompyuta kuelewana, na kifaa cha kuviunganisha hununuliwa kando.