Nyumba ya Wazee na Heshima ya Mwenye Kukaa Ndani Yake

Ikitajwa nyumba ya wazee katika baraza zetu, jawabu ya kwanza isikiwayo ni kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na ya kwamba Mwislamu hamtupi mzazi wake. Jawabu hiyo ina haki ndani yake, wala hatukusudii kuipunguza. Lakini haikutimia. Wenyeji wa Unguja wazijua khabari za Sebleni na Welezo, na Bara pia ziko nyumba za namna hiyo. Ndani yake hukaa watu wenye kusali na kufunga kama sisi. Wako wasiojaaliwa mtoto. Wako walioacha kwao wangali vijana wakifuata kazi, miaka ikapita, jamaa wakakatika. Na wako, tuseme kweli, wenye watoto walio hai. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, imeweka jukumu la kwanza juu ya jamaa, na makazi ya wazee ikayafanya kuwa njia ya mwisho. Hayo ni sawa. Lakini aliyekwisha kuifikia njia hiyo ya mwisho naye ni mja wa Mungu, na siku zake zilizobaki ni umri, si kungojea jeneza.

Wala si kweli ya kwamba Waislamu hawakuzijua nyumba hizo. Sultani Abdulhamid wa Pili aliijenga mjini Istanbul nyumba iitwayo Darülaceze, ikafunguliwa mwaka 1896, nayo ingali ikifanya kazi hata leo. Maana ya jina hilo ni nyumba ya wasiojiweza, na asili yake ya Kiarabu ndiyo ile ile iliyotupatia neno letu "ajuza". Katika ua wake mlijengwa msikiti, na kanisa, na sinagogi, ili kila mwenye kuingia amwabudu Mungu kwa dini aliyokuja nayo. Na zikawekwa karakana za kazi za mikono. Msomaji na alifikiri jambo hilo. Mwenye kutaka kumlisha maskini tu angejenga jiko na mabweni, akaona yametosha. Kwa nini basi gharama ya karakana, na ya nyumba tatu za ibada?

Jawabu moja ya suali hilo ilikuja kupatikana mbali sana na Istanbul, na kwa njia ya majaribio. Katika jimbo la Connecticut, huko Marekani, palikuwa na nyumba ya wazee iitwayo Arden House. Wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Ellen Langer na Judith Rodin, walifanya humo jaribio ambalo khabari zake zilichapishwa mwaka 1976. Walichukua wazee wa orofa mbili, 91 kwa jumla. Wazee wa orofa ya kwanza waliambiwa na msimamizi wa nyumba ya kwamba mambo yao yamo mikononi mwao: wapange vyombo vya chumbani wapendavyo, waseme lisilowapendeza, wachague usiku wa kutazama sinema, na kila atakaye achague mche mmoja wa maua autunze mwenyewe. Wazee wa orofa ya pili waliambiwa kwa upole ule ule ya kwamba watumishi wako tayari kuwafanyia kila kitu ili wapate raha. Nao walipewa maua, ila waliambiwa wauguzi ndio watakaoyatia maji. Na sinema walioneshwa, ila usiku wake walichaguliwa.

Chakula kilikuwa kimoja, na dawa, na vitanda. Hakuna aliyetukanwa, wala aliyelala na njaa. Baada ya wiki tatu wazee wa orofa ya kwanza walikuwa wamechangamka, wanazungumza na wenzao, wanatembelea vyumba vya jirani. Na wengi wa orofa ya pili walikuwa wamezidi kudhoofika. Wataalamu hao walirudi baada ya miezi 18, wakakuta katika orofa ya kwanza wamefariki asilimia 15, na katika ya pili asilimia 30. Ajali imo mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake, na watu wenyewe walikuwa wachache. Tena baadaye ilidhihiri kosa katika hesabu iliyotumika kuipima tofauti hiyo ya vifo. Kwa hiyo hatusemi ya kwamba ua humwongezea mtu umri. Twaitazama ile hali ya wiki tatu, nayo yatosha kutushitua: wazee wa orofa ya pili walidhoofika huku wanatendewa wema.

Mwaka 1991, katika mji mdogo wa New Berlin, jimbo la New York, daktari mmoja kwa jina Bill Thomas alipewa kuangalia nyumba yenye wazee wapatao 80. Akaona ya kwamba dawa alizonazo haziyagusi maradhi matatu yanayowamaliza: upweke, unyonge wa kusaidiwa daima bila ya kumsaidia mtu, na uchovu wa siku zisizo na jambo. Akaleta ndege 100, na paka wanne, na mbwa wawili, akaleta na mimea na watoto. Wazee waliokuwa hawasemi wakaanza kusema, kwani ndege wanataka kulishwa na paka anataka kuitwa jina. Mbwa sisi hatuwaweki ndani ya nyumba, na hilo lafahamika. Lakini kuku watatu na bustani ya mchicha nani atatukataza?

Tukirejea katika Kitabu chetu twaona jambo ambalo wengi wetu tumelisoma utotoni bila ya kulizingatia. Katika Sura ya Bani Israil, Aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu ametukataza hata kumgunia mzazi aliyefikia uzee akiwa kwetu, akatuamrisha kusema naye kwa heshima, na kumnyenyekea kwa huruma, na kumwombea rehema. Chakula hakikutajwa mahali hapo, wala nguo, ijapokuwa vyote viwili ni wajibu. Limetajwa neno na namna ya kulisema. Na katika khabari za kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, imepokewa ya kwamba Sayyidna Abubakar alimleta baba yake Abu Quhafa, mzee asiyeona, mbele ya Bwana Mtume (s.a.w.); naye Bwana Mtume akauliza kwa nini mzee huyo hakuachwa nyumbani kwake, ili yeye mwenyewe amwendee. Mshindi wa Makka alikuwa tayari kumfuata mzee alipo.

Hapa ndipo panapotuuma. Majumbani mwetu, katika nyumba zenye watoto na wajukuu tele, wako wazee wakaao kama wale wa orofa ya pili. Bibi amewekewa kiti pembeni. Akishika ufagio hunyang'anywa, "Pumzika, bibi". Akitaka kutia chumvi mchuzi aambiwa mkono watetemeka. Akianza hadithi, mjukuu anatazama simu yake. Huoga saa wapendayo wengine, hulala wengine wakisema sasa ni usiku. Harusi ya mjukuu wake huletewa khabari mambo yakiwa yamekwisha kupangwa. Huyu hakupelekwa popote, na jirani humsifu mwanawe ya kuwa anamtunza mama. Na jambo jingine nitalisema ijapokuwa halitawapendeza baadhi ya wanaume: mwenye kusifiwa kwa utunzaji huo mara nyingi ni mwana wa kiume, na mwenye kumnyanyua mzee na kumfulia ni mkewe au dada yake, ambaye hakuna amwulizaye kama amelala.

Fedha nayo ina sehemu yake. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya kila mwezi, nayo ilianza kwa shilingi 20,000, bila ya kuuliza kama alipata kuajiriwa. Hazikuwa nyingi. Lakini mzee mwenye fedha yake mfukoni aweza kumtuma mtoto dukani na kumwambia abaki na chenji, na kwa saa hiyo ndiye mwenye kutoa. Anayemchukulia mzee fedha hizo na amkabidhi mkononi, akimhesabia, hata kama mwishowe zitanunua unga wa nyumba nzima.

Vijana wa madrasa nao huenda kuwazuru wazee mara moja kwa mwaka, aghalabu mwezi wa Ramadhani, wakabeba mchele na sukari, wakapigwa picha, wakaondoka. Mchele ni sadaka, Mungu aipokee. Lakini nendeni pia mwezi wa Safar, wakati hapana aendaye. Msiende kuwasomea tu. Waombeni wawasomeshe, kwani wamo mliowapita kwa sauti waliowapita ninyi kwa Kurani. Ajuza ajuaye kusuka ukili, mpelekeeni ukili, na mkeka ukisha mnunue kwa bei ya sokoni, msimfanyie ya huruma. Tazameni kama kitanda chake chamwezesha kuelekea Kibla, kama maji ya udhu yako karibu, kama asiyeweza kusimama ana kiti cha kusalia, kama mwanamke aoshwa na mwanamke mwenziwe. Mambo hayo msimamizi aliyeelemewa na kazi aweza kuyasahau bila ya ubaya wowote.

Na mkiwa mwataka kuaga, muulizeni mzee ni siku gani apendayo mrudi. Akisema Jumatano, na iwe Jumatano, hata kama ninyi mngependa Ijumaa.