Kujifunza Ufundi wa Mavazi Katika Nchi ya Italia

Bwana Mhariri ameniandikia akiniomba nieleze, kwa faida ya wanafunzi walio katika Kidato cha Tano na cha Sita, jinsi mtu anavyoweza kwenda Italia kujifunza ufundi wa mavazi, na mambo atakayokutana nayo huko. Nimekubali kwa furaha, kwani tangu nirudi vijana wengi wa shule hii wameniuliza habari hizo, na maswali yao ni yale yale. Tena wako wengine ambao hawakuuliza kabla ya kutoa fedha zao. Hao ndio walionifanya niishike kalamu upesi.

Kwetu ni Mbale. Mjomba wangu ni fundi cherehani, naye hufanya kazi yake barazani mwa duka, kama mafundi wengi mnaowajua. Hapo ndipo nilipojifunza kukanyaga cherehani, wakati wa likizo. Nilipomaliza Kidato cha Sita, mwaka 2016, nilimwambia baba kwamba nataka kuendelea na kazi hiyo, lakini niisome chuoni. Baba hakupendezwa hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, "nimeuza ng'ombe ukasome hesabu na kemia, nawe wataka kurudi barazani kwa mjomba wako?"

Sikuwa na jibu. Mjomba ndiye aliyenitetea. "Shemeji," akamwambia baba, "mwache mtoto. Mimi najua kukata nguo, lakini sijui kueleza kwa nini naikata hivyo. Akienda kujifunza kueleza, hatakuwa amerudi nyuma." Baba alikaa miezi miwili bila kusema neno, kisha akakubali.

Sasa, kwa nini Italia? Zamani wenye kununua mavazi ya fahari walikuwa wakitazama mji wa Paris tu. Tarehe 12 Februari, 1951, bwana mmoja wa Firenze aitwaye Giovanni Battista Giorgini aliwaalika wanunuzi wa Marekani nyumbani kwake, akawaonyesha mavazi ya mafundi wa Kiitaliano peke yao. Wanunuzi wakapendezwa, na mwaka uliofuata maonyesho yakahamia katika ukumbi mkubwa wa jumba la Pitti. Baadaye, katika miaka ya 1970, Milano ndio uliokuwa mji mkuu wa kazi hiyo, kwa sababu uko karibu na viwanda: sufi hufumwa Biella, na hariri Como, nayo miji yote miwili haiko mbali. Hii ndiyo faida kubwa ya kusoma huko. Kitambaa unachofundishwa darasani waweza kwenda kukiona kikifumwa, ukarudi jioni.

Vyuo ni vya namna mbili, na ni lazima kuvitofautisha. Kwanza, kuna vyuo vya watu binafsi. Vingine vina sifa kubwa na ya haki, kama Istituto Marangoni cha Milano, kilichoanzishwa mwaka 1935, na Polimoda cha Firenze, kilichoanzishwa mwaka 1986. Lakini ada yake ni kubwa sana: yaweza kupita euro 15,000 kwa mwaka, na hapo hujala wala hujalala. Pili, kuna vyuo vikuu vya serikali, kama Politecnico di Milano na Iuav cha Venezia. Huko ada hupimwa kwa mapato ya jamaa ya mwanafunzi, na mtoto wa maskini hulipa kidogo sana. Fauka ya hayo, kila mkoa una msaada wa masomo kwa wenye mapato madogo, na wageni pia huruhusiwa kuuomba. Anayeupata husamehewa ada, hupewa chakula katika mkahawa wa chuo, na pengine kitanda katika bweni.

Mambo hayo hayafichwi, walakini watu wengi hawayajui, na ujinga huo umekuwa mtaji wa wengine. Rafiki yangu mmoja alilipa fedha nyingi kwa wakala aliyemwahidi chuo, viza na kazi. Alipofika aliona chuo chenyewe ni vyumba viwili juu ya duka, na cheti chake hakikutambuliwa na serikali. Alirudi baada ya mwaka mmoja, na shamba la baba yake lilikwisha uzwa. Basi nawasihi: kabla ya kutoa hata shilingi moja, ulizeni kama cheti cha chuo hicho kinatambuliwa na Wizara ya elimu ya juu ya Italia. Kama wakala hataki mwulize, mmekwisha pata jibu.

Kwa habari ya karatasi, nitasema kwa ufupi. Waitaliano hutaka mtu awe amesoma miaka 12 kabla ya chuo kikuu. Sisi wa Uganda, tukimaliza Kidato cha Sita, tumesoma 13, kwa hiyo hapana shida. Siku hizi maombi ya vyuo vikuu hupelekwa kwa njia ya intaneti, katika tovuti ya serikali yao iitwayo Universitaly. Vyeti hutafsiriwa kwa Kiitaliano na kuthibitishwa, na viza huombwa kwa Ubalozi wa Italia, Kampala. Anzeni mwaka mzima mbele, kwa maana kila karatasi hungoja nyingine. Ukifika Italia, una siku 8 za kazi kuomba kibali cha kukaa. Maombi hayo hupelekwa kwa njia ya posta, nayo risiti utakayopewa uitunze kama macho yako, kwani kibali chenyewe chaweza kukawia miezi.

Lugha isidharauliwe. Kuna mafunzo kwa Kiingereza, lakini mengi ya mwanzo, hasa katika vyuo vya serikali, ni kwa Kiitaliano. Mimi nilijifunza miezi minane Kampala, nikadhani najua. Siku ya kwanza darasani nilifahamu maneno mawili: "buongiorno" na "carta". Hata hivyo sisi tusemao Kiswahili tuna bahati, kwani neno la Kiitaliano karibu kila mara huishia na vokali kama letu, na husomwa kama lilivyoandikwa.

Sasa nije kwenye masomo yenyewe. Wengi hudhani kwamba mwanafunzi wa mavazi huchora picha za wanawake warembo kutwa nzima. Kuchora kupo, lakini kazi kubwa ni hesabu. Chukua mfano wa suti ya mwanamume. Namba ya koti la Kiitaliano ni nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita: mwenye kifua cha sentimita 100 huvaa namba 50. Kisha hupimwa kiuno, nacho hukatwa nusu vile vile. Tofauti ya nusu hizo mbili huitwa "drop". Mwenye kifua 100 na kiuno 88 ana 50 na 44, basi drop yake ni 6. Kwa namba hizo mbili tu kiwanda chaweza kumkatia suti mtu kisichomwona. Tulijifunza pia mtande na mshindio, kwa maana nguo iliyokatwa upande wa mtande hukaa mbali na ile iliyokatwa hanamu. Na kabla ya kugusa kitambaa cha thamani, kila nguo hukatwa kwanza katika karatasi, halafu hushonwa kwa amerikani, ikavaliwa, ikasahihishwa.

Mimi nilikuwa na kiburi. Nilikuwa nimeshona tangu utoto, na wenzangu wengi hawakujua hata kutia uzi katika sindano. Kumbe kiburi hicho ndicho kilichonitia matatani. Huko alama hutolewa juu ya 30, na anayepata chini ya 18 ameshindwa. Mitihani mingi ni ya kusema kwa mdomo: unasimama mbele ya mwalimu na kazi yako, naye anauliza. Mwezi wa Februari, mwaka 2018, niliingia katika mtihani wa kukata koti. Mwalimu alichukua futi yake, akapima kichwa cha mkono wa koti langu, yaani ile sehemu ya juu inayoshonwa begani, kisha akapima tundu la mkono. Vipimo vilikuwa sawa sawa.

"Kwa nini vimelingana?" akauliza.

"Ndivyo tufanyavyo," nikajibu.

"Mimi nimeuliza kwa nini."

Sikuweza kujibu. Nilishindwa mtihani huo, na wa pili uliofuata pia. Nanyi mfahamu maana yake: kibali cha kukaa hufanywa upya kila mwaka, na katika mwaka wa kwanza sharti uwe umeshinda walau mtihani mmoja. Msaada wa masomo una masharti magumu zaidi. Asiyetimiza idadi ya masomo kwa wakati hunyang'anywa, na huenda akaambiwa arudishe alichokula. Usiku ule nilihesabu fedha za kurudi nyumbani. Hazikutosha hata kwa safari.

Nilimpigia mjomba simu, si kwa kutaka mafunzo, bali kwa kulalamika. Nilimwambia kwamba Waitaliano hukata kichwa cha mkono kikubwa kuliko tundu lake, kana kwamba hawajui kupima. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hilo koti ni la kitambaa gani?"

"Sufi," nikasema.

"Basi wana haki. Sufi hunywea kwa mvuke na pasi. Wewe umezoea kitenge. Kitenge ni pamba, hakinywei. Ukizidisha kichwa cha mkono, mshono utafanya mikunjo kama uso wa mzee. Ndiyo maana mimi hukata sawa."

Hapo nikafahamu jambo ambalo vitabu vilikuwa vimelisema mara nyingi bila kuniingia. Tundu la mkono likizunguka sentimita 50, kichwa cha mkono wa koti la sufi hukatwa kama sentimita 53. Zile sentimita 3 hukusanywa kwa uzi, zikanyweshwa kwa pasi, na bega likapata uviringo wake. Mkono wa shati la pamba hauhitaji hivyo. Mjomba alikuwa anajua sababu siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa sijamwuliza. Mwezi wa Juni nilirudia mtihani. Nilikuja na mikono miwili, mmoja wa sufi na mmoja wa kitenge, nikaeleza kwa nini haikukatwa namna moja. Nilipata 27.

Kwa habari ya maisha, Milano ni mji wa gharama. Chumba cha peke yako mara nyingi hupita euro 600 kwa mwezi, kwa hiyo tulikuwa watatu katika chumba kimoja mpaka nilipopata bweni. Sheria humruhusu mwanafunzi kufanya kazi saa 20 kwa juma, zisizidi 1,040 kwa mwaka. Nilifanya katika duka la kurekebisha nguo, nikikunja pindo za suruali. Fedha hiyo ilinunua chakula na uzi, lakini isingeweza kulipa ada ya chuo cha binafsi. Anayewaambia kwamba mtajilipia yote kwa kazi za jioni anawadanganya. Baridi nayo ni kali kuanzia Novemba. Nunueni koti huko huko, si hapa.

Safari moja sitaisahau. Tulipelekwa Prato, mji ulio karibu na Firenze. Watu wa Prato, tangu karne ya 19, huchukua nguo kuukuu za sufi, wakazichambua kwa rangi, wakazichana, wakasokota uzi mpya, bila kuhitaji kutia rangi tena. Nguo zilizo nzima hufungwa marobota na kuuzwa nchi za nje, Afrika ikiwamo. Nilisimama mbele ya marobota yale nikawakumbuka wafanya biashara wa Owino, Kampala, na mafundi wetu wanaolalamika kwamba mitumba imewanyima kazi. Waitaliano walikuwa wanatengeneza fedha kwa matambara, mara mbili: kwanza kwa kuyafanya uzi, pili kwa kutuuzia yaliyobaki. Sikukasirika, niliona haya, kwa maana kwetu pamba hulimwa, na nyingi yake huuzwa nje kabla ya kuwa nguo.

Katika mwaka wa tatu, mwezi wa Februari 2020, vyuo vya Lombardia vilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Nguo zangu za mwisho nilizishona bwenini kwa cherehani ya kuazima, na mtihani wa mwisho niliufanya mbele ya kompyuta. Baada ya hapo nilifanya kazi miaka miwili, nikarudi Mbale mwaka 2022.

Sasa twafanya kazi pamoja, mjomba na mimi, na vijana sita. Twashona sare za shule kwa karatasi za kukatia zilizopimwa, kwa hiyo shati la namba moja hulingana na jingine, na kitambaa kinachotupwa kimepungua. Jioni mjomba huwaeleza vijana, nami naandika anayoyasema. Baba alikuja mwezi wa kwanza kupimwa koti. Hakusema mengi, aliomba liwe na bitana nzuri.

Basi, ndugu zangu, si lazima kila apendaye kushona aende Italia. Mwenye kupenda upande wa viwanda na atazame kwanza Chuo Kikuu cha Busitema, ambako uhandisi wa nguo hufundishwa hapa hapa kwetu. Lakini anayetaka kwenda, na aende kwa macho wazi: achague chuo kinachotambuliwa, aombe msaada mapema, ajifunze lugha, na asione haya kurudia mtihani. Na kabla hajapanda ndege, akakae siku chache barazani kwa fundi wa mtaani kwao, amwulize kila jambo kwa nini analifanya hivyo. Mimi nilichelewa kuuliza, nikalipa kwa mitihani miwili.