Mita Tatu, Mita Nne, Kisha Tano

Fundi anayeweka msingi wa nyumba mjini Kasongo, mkoani Maniema nchini Kongo, hahitaji kitabu. Hupiga kigingi penye kona, akavuta kamba kuelekea barabarani na kutia alama kwenye mita 3, akavuta nyingine kuelekea uani na kutia alama kwenye mita 4. Kisha hupima kutoka alama hadi alama. Tepu ikisoma mita 5 kamili, kona imekubali. Ikisoma 5 na sentimeta 6, kona imepanuka. Ikisoma 4 na sentimeta 95, imebana. Husogeza kamba kidogo, akapima tena. Ekeri yake ya chuma inabaki mfukoni, maana kosa lisiloonekana kwenye ekeri fupi huonekana na kila mpita njia ukuta unapofika mita 10.

Siri yake ni hesabu ya mtoto: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, na jumla yake, 25, ni 5 mara 5. Pembetatu yenye kona ya mraba hutii hivyo daima: mraba wa upande mrefu kuliko zote, ule unaoitazama kona, ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili fupi. Dunia imeipa kanuni hii jina la Pythagoras, Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo, lakini Wababeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, walikuwa wameshachora orodha za namba kama hizi kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 1,000 kabla yake. Wanafunzi wetu huipokea kwa Kifaransa, wakaikariri kama sala, na wengi hawagundui kwamba ndiyo ile kamba waliyoiona kwa baba.

Wanaakiolojia nao huitumia. Tongoni, mahali ilipokuwa Kasongo ya kale, mji ambao mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliufanya makao yake na ambao majeshi ya Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, yaliuteka Aprili 1893, kumechimbwa katika miaka ya karibuni ili kutafuta mabaki ya mji huo. Shimo la akiolojia kwa kawaida huanza na mraba uliopimwa kwa tepu. Mraba wa mita 2 kwa 2 una ulalo wa kipeuo cha pili cha 8, mita 2.83. Namba hiyo kwa kweli haina mwisho, 2.828427 na kuendelea, lakini tepu haijali: sentimeta 283 zatosha.

Hapo kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Mwashi anajua urefu, anatafuta kona. Fundi wa paa anaijua kona, kwa sababu nguzo ya katikati imesimama wima juu ya boriti iliyolala, na anatafuta urefu. Kanuni ni moja, imeshikwa kwa ncha mbili.

Chukua nyumba ya upana wa mita 6. Nusu yake ni 3. Nguzo ya katikati ina kimo cha mita 1.25 kutoka boriti hadi kileleni. Mti wa paa uwe na urefu gani? Mraba wa 3 ni 9. Mraba wa 1.25 ni 1.5625, jumla 10.5625, na kipeuo chake cha pili ni 3.25. Ongeza nusu mita ya upenu ili mvua isipige ukuta, unanunua miti ya mita 3.75. Mimi mara ya kwanza sikufanya hivyo. Nilijumlisha 3 na 1.25 nikanunua miti ya mita 4.25 kwa paa zima. Upenu ukachukua nusu mita ya kila mti, nusu nyingine ikaishia jikoni, na kwa siku kadhaa tulipika kwa kuni za bei ghali kuliko zote pale mtaani.

Sasa ligeuze swali. Miti iliyopo ina mita 3 tu, na nyumba ina upana wa mita 4.80, yaani nusu yake 2.40. Nguzo ya katikati iende juu kiasi gani, tukiuacha upenu kando? Hapa ndipo wanafunzi huanguka, kwa sababu mkono umeshazoea kujumlisha. Wanachukua 9 na 5.76, wanapata 14.76, na kipeuo chake 3.84. Nguzo ya mita 3.84 chini ya mti wa mita 3! Mti wa paa ndio upande mrefu, na upande mrefu tayari tunao, kwa hiyo tunatoa: 9 kutoa 5.76 ni 3.24, kipeuo chake 1.80. Kabla ya kushika kalamu, uliza ni upande gani unaoitazama kona. Kama ndio unaoutafuta, jumlisha. Kama unao tayari, toa.

Tukitoka kiwanjani, kanuni hiyohiyo inapima safari. Kwenye ramani, mji wa Kabambare uko karibu robo ya nyuzi kusini ya Kasongo, na nyuzi moja na kidogo mashariki. Nyuzi moja ya kwenda kusini ni kama kilomita 111. Ya kwenda mashariki hupungua kadiri unavyoiacha ikweta, lakini Maniema iko karibu na ikweta kiasi kwamba upungufu hauzidi kilomita moja. Tunapata kilomita 28 kusini na 113 mashariki. Miraba yake ni 784 na 12,769, jumla 13,553. Kikokotoo hakipo? 116 mara 116 ni 13,456, na 117 mara 117 ni 13,689, basi jibu liko katikati: kilomita 116 na kidogo. Ndivyo apaavyo ndege. Mwenye pikipiki atakucheka, maana barabara haijui kunyooka.

Lakini faida kubwa kwangu ni kupima usipoweza kufika. Msafiri Livingstone alipofika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwishoni mwa Machi 1871 aliandika kwamba upana wa mto huo haupungui yadi 3,000, zaidi ya kilomita 2.7. Juu ya maji jicho huhadaika upesi, hata la msafiri mzoefu. Tujaribu mto mdogo zaidi, Luama, unaopita eneo la Kabambare kabla ya kumwaga maji yake Lualaba. Simama ukingoni ukiukabili mti ulio ng'ambo hasa. Geuka kwa kona ya mraba, tembea hatua 40 kandokando ya maji, simika kijiti. Endelea hatua 10, kisha geuka tena kwa kona ya mraba, uupe mto mgongo, uende huku ukitazama nyuma mpaka kijiti na ule mti viwe mstari mmoja. Ukiwa umeenda hatua 15, mto una hatua 60, kwa sababu pembetatu mbili zina umbo moja na ile kubwa ni mara 4 ya ndogo. Sasa unajua pande mbili, 40 na 60, na ukitaka kamba ya kutoka kijitini hadi kwenye mti, utaihesabu kama mti wa paa: hatua 72 na ushee.

Tembea kwa hatua sawa, lakini. Ukikosea hatua moja kwenye zile 15, mto unakosewa hatua nne.