Taa ya Injini Ikianza Kupepesa

Toyota IST inapanda mlima, injini inatetemeka, nguvu zinakata, na taa ya njano ya injini inawaka na kuzima. Dereva anazidi kukanyaga mafuta. Kosa.

Taa ikipepesa, injini inamisi vibaya: petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega yanayosafisha moshi.

Mashine ya kupimia ikisoma kodi ya hitilafu P0303, tatizo liko silinda ya 3. Kilichoharibika haikitaji, ingawa wapo mafundi wanaokimbilia kununua plagi nne papo hapo. Fundi makini huhamishia koili ya silinda ya 3 kwenye silinda ya 1, anafuta kodi, anawasha. Ikirudi P0301, koili ndiyo mbovu. Kodi isipohama, anakagua plagi, kisha nozeli.

Taa ikikupepesea barabarani, egesha, zima injini, mwite fundi.