Zebaki ya Papa, Zebaki ya Dagaa

Mtu akikwambia samaki wa baharini wana zebaki, muulize kwanza: samaki gani? Zebaki ikishafika majini, bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa zebaki ya methili, sumu inayong'ang'ania protini ya nyama na kutoka mwilini polepole mno. Dagaa anayekula viumbe visivyoonekana kwa macho hukusanya kidogo. Jodari hurithi mzigo wa kila alichokimeza, na papa aliyeishi miaka mingi huzidi kulimbikiza. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vya mwaka 2018 vilitaja samaki kwa majina: jodari asizidi miligramu 1.2 za zebaki hiyo kwa kilo, papa 1.6.

Namba za maabara nazo zina mitego. Mpimaji hukata kipande cha mnofu, akakiyeyusha katika asidi ya moto mpaka nyama yote ipotee, kisha mashine huigeuza zebaki iliyomo kuwa mvuke na kupima mvuke huo unavyofyonza mwanga. Maabara nyingine huukausha mnofu kabla ya kuupima. Samaki mbichi ni maji karibu robo tatu, kwa hiyo mnofu wenye miligramu 0.4 kwa kilo ukiwa mbichi husomeka 1.6 ukikauka, ilhali samaki ni yuleyule. Ripoti isiyosema kama ilipima mbichi au mkavu inatisha watu bure. Lakini mlaji wa ng'onda ya papa asijifariji kwa hilo, maana yeye huo ukavu ndio anaoula, na wala ndimu, ukwaju au moto haviiondoi zebaki.

Wapo watakaosema, basi tuache samaki. Tupige hesabu. Kiasi cha zebaki ya methili ambacho wataalamu wa FAO na WHO walikikubali, wakilenga kuulinda ubongo wa mtoto aliye tumboni, ni mikrogramu 1.6 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mama wa kilo 60 ana mikrogramu 96. Samaki mwenye miligramu 1 kwa kilo huzimaliza kwa gramu 96 tu, kipande kimoja cha mchuzi. Mwenye miligramu 0.05 huzimaliza kwa karibu kilo mbili.

Wengine watataja Shelisheli, ambako akina mama waliofuatiliwa na watafiti walikula samaki karibu mara 12 kwa wiki, na watoto wao hawakuonekana kudhurika. Ni kweli, na ni habari njema kwetu wa Bahari ya Hindi. Ila katika visiwa vya Faroe, ambako wajawazito walikula pia nyama ya nyangumi, madhara kwa watoto yalionekana. Kilichokuwa sahanini hakikuwa kimoja. Kwa hiyo mjamzito anayefika kliniki asiambiwe tu "punguza samaki", akarudi nyumbani kuwanyima mwili wake na mwanawe protini na madini joto. Atajiwe majina: dagaa, vibua na tasi ale, papa na nduaro awaache mpaka amalize kunyonyesha.